Jina la Mama kwa Kiingereza

Jumanne, tarehe nne Novemba. Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Kamina, na harufu ya udongo mwekundu uliolowa imenirudisha utotoni, kwenye msimu wa sufuria. Sijui kama nitaandika vizuri. Shule yangu iliishia njiani.

Sufuria kubwa ya kanisa ilipotea, na Mama Kapinga, mkubwa wa akina mama, akamtaja mama yangu mbele ya ibada nzima, kwa kuwa ndiye aliyetunza ufunguo wa jiko. Baadaye ilionekana kule Base, kwenye kambi ya jeshi, kwa watu walioiazima kwa arusi. Mama Kapinga alikuja kuomba radhi, jikoni kwetu, kwa sauti ya chini. Nisimwonee: alikuja mwenyewe, hakutumwa. Lakini sokoni waliendelea kumwita mama “Mama Sufuria”, naye akaacha kuimba kwaya.

Shuleni, mwalimu wa Kiingereza alitufundisha maneno yanayotembea pamoja redioni wakubwa wanapochafuka. Kashfa kwao inavunjika, “a scandal breaks”, kama yai. Mtuhumiwa anakana, “denies the allegations”. Na mwenye bahati, “clears her name”, anasafisha jina lake. Hayo ya mwisho niliyarudia njia nzima kando ya reli.

Siku ya wazazi kila mwanafunzi alisoma habari aliyoitunga kwa Kiingereza. Mimi nilisoma ya sufuria. Wazazi wakapiga makofi kwa adabu, hakuna aliyeelewa. Ndipo mzee mmoja wa reli akasema kutoka nyuma, “Mutoto, siye Kingereza hatusikiake. Sema mu Swahili.”

Mama alitazama sakafu. Nikasema yote kwa Kiswahili, ila jina la aliyemshtaki nililiacha.

Mama Kapinga akasimama kati ya wazazi. “Njo minyi,” alisema, akijigusa kifua. “Nilimutaja mbele ya bantu, sufuria ikaonekana kwingine. Huyu mama hakuiba kitu.”

“Basi aimbe, tumusikie,” mzee akasema, watu wakacheka. Mama akaimba, na ukumbi mzima ukamwitikia.

Leo kashfa za wakubwa zinavunjika kila asubuhi kwenye simu ya binti yangu, na wanaokana ni wengi. Jina kusafishwa mbele ya walewale waliolisikia likichafuliwa, hilo silioni sana. Labda sitazami vizuri. Jioni hii mama, mzee sasa, alisonga bukari, ugali wetu, huku akiimba. Tumeila na sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu wa Kinkondja.