Gari la Milango Miwili Nililochagua Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Mkuu wa karakana katika shamba la ngano, karibu na Basotu, alinionyesha gari la porini uani akasema, "Ingia uvunguni. Ukitoka uniambie umeona nini." Nilikaa huko hadi saa sita mchana nikiijua difu, kile kibuyu cha chuma kinachogawa nguvu kwa magurudumu. Aliporidhika kwamba nimechafuka vya kutosha, akanipa ufunguo.

Miaka ikapita, yakaja mageuzi ya uchumi, na madereva tukapunguzwa kazi kwa barua fupi. Nilibahatika kupata kazi Katesh, kwenye mradi uliopeleka kliniki ya mama na mtoto vijijini. Manyara ndiyo kwanza ilikuwa imekuwa mkoa.

Mratibu wa mradi alikuwa mpole, na magari hakuyajua. Siku moja aliniita ofisini pamoja na muuguzi wetu, Sista Paulina. Mezani kulikuwa na picha mbili za gari la aina moja: la milango miwili na la milango minne.

"Wafadhili wanataka jibu leo," alisema. "Dereva, wewe ndiye unayezijua barabara. Tuagize lipi?"

Nilijibu bila kusita. La milango miwili ni fupi, tumbo lake haligusi matuta, kona za milima ya Mbulu linazikata kwa mara moja, na kwa wepesi wake halizami haraka kwenye udongo mweusi wa mbugani. Yote hayo ni kweli hadi leo.

Sista Paulina akauliza, "Na mgonjwa je? Atalala wapi?"

"Sista, gari refu likikwama, mgonjwa atalala matopeni."

Mratibu akacheka, akaandika. Sikuwaambia kwamba, zaidi ya yote, nilipenda tu kuliendesha lile fupi.

Masika yaliyofuata tulikuwa kliniki Gehandu, asubuhi. Akaja mfugaji mmoja wa Kibarbaig, Gidamis, akihema. Mke wake alikuwa amejifungua, mtoto mzima, lakini damu haikatiki. Tukamfuata hadi bomani kwake. Sista alimwangalia yule mama, akaniambia, "Hospitali, sasa hivi. Alale chali, miguu juu."

Hakukuwa na pa kulala. Kwenda nyuma ilibidi ukunje kiti cha mbele, uiname, upenye. Tulijaribu mlango wa nyuma. Nikalitupa nje kasha la chanjo, nikatupa na tairi la spea. Bado yule mama alikuwa mrefu kuliko nafasi ile. Mwishowe tukamkalisha, kaegemea kifua cha Sista, magoti yamekunjwa.

Gari halikukwama hata mara moja. Tulivuka matope ambayo trekta lingesita kuyaingia. Katikati ya njia Sista alisema taratibu, "Simamisha. Hakuna haraka tena."

Mratibu aliniambia, "Usijilaumu. Pengine refu lisingefika kabisa." Pengine. Neno hilo nimelala nalo miaka yote. Sista Paulina hakuwahi kunikumbusha alichouliza siku ile. Afadhali angenikumbusha.

Mradi ulifungwa, nikaendesha magari ya watu wengine, kisha nikastaafu. Sasa nalima Masakta. Vijana huniuliza gari lipi zuri kununua. Huwaambia wamuulize kwanza atakayekaa nyuma, lakini naona wanatazama magurudumu.

Juzi mnadani Katesh nilimwona Gidamis, amezeeka. Nikamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni dereva wa kliniki." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Siku zile wengine walikuwa hawana gari la kuwafuata. Wewe ulikuja. Yule mtoto ameshaolewa."

Msamaha niliotaka kuomba nilikuwa nimeuandaa kwa miaka mingi. Nilitamani anitukane ili niuanze. Akaniombea heri, akaenda kuwatazama ng'ombe wake, nami nikabaki nimesimama kwenye vumbi la mnada. Sikumwambia kwamba gari lile nililichagua mimi.