Nilimwita Mkwe Wangu Tanboi wa Ndege

Kosa ni langu, sitafuti wa kulaumu. Nilikuwa nikisema hakuna kitu chenye injini kinaweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la sita, lakini leo malori yangu manne yanabeba mawe kutoka Thika mpaka Ruiru. Nani angeniambia nini?

Binti yangu Wambui akaleta mchumba, kijana rubani wa ndege kubwa za abiria. Siku ya ruracio watu wake walitoka Kiuu na mbuzi wa mahari kwa pikapu, wakaja kwangu Kamenu kuposa. Nyumba imejaa, madereva wangu wako, nikaona hapa ndipo nionyeshe ujuzi.

"Kijana, ndege ya Wamarekani na ile ya Ulaya, gani ndiyo ya dereva wa kweli?"

Akajibu kwa heshima. "Baba, ya Wamarekani ina sukani mbili zimeunganishwa. Mwenzako akivuta wake, wako pia unasonga. Mimi naendesha ya Ulaya. Hiyo ni kijiti kidogo kando ya kiti, kila mtu na chake, mkono wa mwenzako huwezi kuuhisi. Na ukivuta kupita kiasi, kompyuta inakataa."

"Inakukataza?" Nilicheka mpaka machozi. "Kumbe dereva ni kompyuta! Wewe ni tanboi, utingo tu, kazi yako kuweka jiwe chini ya tairi!"

Madereva wangu wakaangua kicheko. Mama ya kijana hakucheka. Wambui akanivuta mkono: "Baba, tafadhali, wacha."

Mimi nikaongeza moto! Wazee walipouliza kama tupokee mbuzi, nikasimama. "Msichana wangu hapewi tanboi. Warudi wakiwa na usukani!"

Ngai! Ulikuwa mzaha tu. Kwa ruracio watu hutaniana, nilingoja na wao wanirushie lao. Lakini baba ya kijana alirudisha mbuzi kwa pikapu. Halafu Wambui akapanda nyuma, akakaa hapo na mbuzi, na nguo yake mpya.

Walioana bila mimi. Simu zangu hashiki.

Siku hizi ndege ikipita juu ya Ruiru nasimama kando ya lori, shingo juu. Mimi mjuaji! Kutoka huku chini siwezi hata kujua gani ni ya kijiti, gani ni ya usukani. Inapita tu, labda na mkwe wangu ndani. Na nakumbuka ule mkono wa Wambui. Alinivuta, na mimi sikuhisi kitu.

Wazazi wenzangu, mtoto akikuvuta mkono mbele ya wageni, nyamaza! Mimi nilimtumia Wambui laki mbili kwa simu, za kuomba msamaha. Jioni hiyo hiyo akazirudisha zote. Kwa hesabu ya pesa, mdomo wangu umenigharimu ada ya kutuma peke yake: shilingi mia moja na nane.