Angukia Kwenye Maranda

Nakumbuka jioni moja kule Kibabi, mume wangu Bauma aliporudi kutoka Sake amenuna, akatupa kofia yake kitandani na kuapa kwamba hatakanyaga tena pale kwa fundi. Mjukuu wangu, nakuletea habari hiyo ya zamani kwa sababu jana ulinitumia picha ya lile sanduku lako kubwa lenye vipande vya ndege ndogo ya kurusha mtu. Umesema utaiunganisha mwenyewe hapo Ubelgiji, katika garaji ya nyumba yako. Nilifurahi mno, picha nikaipitisha kwa majirani wote. Kisha ukaongeza kwamba kuna atelier, yaani karakana, wanakofundisha watu kazi hiyo kwa mikono, juma zima, lakini wewe huna haja nayo kwa sababu umekwisha kutazama yote katika simu. Hapo nikaweka kikombe changu cha chai chini.

Usifikiri bibi yako hajui ndege. Nimezaliwa Walikale, na miaka ile ya vita ndege zilitua katikati ya barabara, sisi tukikimbiza mbuzi ili zipate njia. Zilikuja kubeba mawe ya madini kutoka machimboni. Vijana wengi waliingia msituni kuyachimba, na wengi hawakuonekana tena kwao. Ndiyo maana nilipoolewa huku Kibabi, Masisi, kwa wakulima wa milimani, nilimshukuru Mungu kwa kunipa mume anayependa viazi kuliko mawe.

Lakini msimu ule malori yaliacha kupanda kwetu. Barabara ilifunguka leo, kesho ikafungwa na wenye bunduki. Viazi vikajaa nyumba nzima, hata mvunguni mwa kitanda, vikaanza kuchipua. Bauma akaanza kusema neno nililoliogopa: visipofika soko la Sake, atakwenda Walikale kuchimba kama wenzake. Tulikuwa tumeoana juzi tu, na sikutaka kuwa mjane wa mtu aliye hai.

Njia iliyobaki ilikuwa chukudu. Wewe uliiona utotoni, ile ya mbao yenye magurudumu mawili, mtu hupiga goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu wa pili, na kwenye mteremko hujiachia. Tulitoa mbuzi wetu kwa Papa Muhindo, fundi na mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekuwa na atelier pale Sake, tupate vipande vyote tukaviunganishe nyumbani. Mzee yule alikuwa mkaidi. Hakuruhusu kipande kimoja kitoke kabla mnunuzi hajafanya kazi juma zima mbele ya macho yake.

"Mi nauzisha chukudu," alikuwa akisema. "Sanduku ya maiti siuzishi."

Bauma alikwenda. Siku ya kwanza kabisa akapewa sindano, kitambaa na kandambili kuukuu, akaambiwa ashone mto mdogo wa kufunga gotini. Ndicho kilichomrudisha nyumbani amevimba kwa hasira.

"Nilienda kujenga chukudu, ananipatia sindano!" alilalamika. "Ile iko kazi ya wanamuke."

"Kama iko kazi ya wanamuke," nikamjibu, "basi iko kazi yangu. Kesho mi naenda."

Alicheka. Mama mkwe wangu naye alicheka, akaniwekea viazi vya kuchoma vya kula njiani.

Papa Muhindo alipouona mwili wangu mwembamba mlangoni hakucheka wala hakuuliza mengi. Alinipa ile ile sindano. Nilipomaliza kushona akaniuliza, "Mama, kwa chukudu, kitu ya kwanza iko nini?" Nikasema gurudumu. Akatikisa kichwa. "Iko goti yako. Goti ikiuma, utasimama mubaya. Ukisimama mubaya, utaanguka." Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi cha mvunguni nilikuwa nacho kwa magunia, kwa hiyo niliinama.

Juma lile nilitoboa mbao, nikagonga misumari, nikafunga magurudumu na kuyafungua tena mpaka mikono ikayajua yenyewe. Nilidhani nimemaliza. Papa Muhindo akapakia gunia la mchanga kwenye chukudu na kuniweka juu ya kilima kidogo nyuma ya atelier, ambako chini yake alikuwa amerundika maranda yote yanayotoka kwenye randa yake. Nikajiachia. Sasa wewe unajua sisi wanawake wa kwetu tunavyobeba: kamba kwenye paji la uso, mzigo mgongoni, mwili umeinama mbele. Tangu utoto ndivyo nilivyojua uzito. Basi chukudu ilipoanza kukimbia nami nikainama mbele, breki ya nyuma, ile ya mpira unaokanyagwa juu ya gurudumu, ikakosa uzito, nikaruka na kuzama kichwa chote ndani ya maranda.

Nilipotoka nilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa vibaya. Atelier nzima ilikuwa chini kwa kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote.

"Unabeba na paji," Papa Muhindo akaniambia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mama, hapa paji haibebi kitu! Rudi nyuma, kalia uzito yako. Panda tena."

Nilipanda tena, nikaanguka tena, mpaka mwili ukasahau kamba.

Niliporudi Kibabi na vipande vyangu, tuliviunganisha uani. Bauma alishika nyundo, maana mwanamume lazima ashike kitu, lakini kila mara aliuliza, "Na hii?" Siku ya soko nikafunga mto wangu gotini, viazi vikapakiwa, na mteremko wa Mushaki ukanipokea. Nakwambia, upepo ule bado uko masikioni mwangu! Niliona ziwa kwa mbali, niliona mawe meusi kandokando ya njia, nikarudi nyuma na kukalia uzito wangu. Kwenye kizuizi cha barabarani wale wenye bunduki walisimama kudai gunia kama kawaida yao. "Mwanamuke juu ya chukudu!" mmoja akapiga kelele, wakacheka hata wakashikana mabega, na mimi nikapita na magunia yangu yote.

Viazi viliuzwa. Niliporudi nilimkuta Bauma mlangoni, ulimi nje kidogo, anashona mto wa goti. Nikamwuliza hiyo imekuwa kazi ya nani. "Nyamaza," akasema, "nishikie uzi." Habari ya Walikale hakuitaja tena mpaka Mungu alipomchukua akiwa mzee, kitandani mwake.

Basi mwanangu, simu imekuonyesha mikono ya wengine. Haijui mwili wako wewe umezoea kuinamia wapi. Sanduku lako halitaoza, si viazi. Nenda atelier, wakikupa sindano shona, wakikucheka cheka nao. Kila mjenzi ana anguko lake linalomngoja, nawe kaliangukie kwenye maranda, usilipeleke angani.

Mungu aibariki mikono yako, akupe goti la kuinama na moyo wa kupanda tena. Na siku ndege yako itakaporuka, pita juu ya Kibabi. Mbuzi nitawakimbiza mwenyewe.