Jina la Baba Mkwe Mbele ya Karani

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, najibu kwamba najua ofisi. Wengine hucheka, lakini mimi sitanii. Hapa Kasongo mtu anaweza kuzunguka kutwa nzima akitafuta mahali pa kuandikisha ndoa yake, akatumwa huku, akarudishwa kule, mpaka jioni akaona afadhali waishi hivyo hivyo. Nilifundisha shule ya msingi ya kanisa kwa muda mrefu, nikachoka na chaki, na siku hizi nazunguka na kikundi chetu kidogo cha akina mama. Tunawaeleza watu serikali ina huduma gani, waingie mlango upi, siku gani, na wabebe nini mkononi. Naipenda kazi hii kuliko nilivyopenda kufundisha. Wanafunzi wangu wa sasa wana ndevu na wajukuu, na wananibishia kwa raha zao.

Safari ninayoipenda zaidi ni ya barabara ya Kabambare, ijapokuwa kuiita barabara ni kuipa heshima tu. Unapanda pikipiki Kasongo ukiwa msafi, unashuka Lusangi una udongo mpaka kwenye nyusi. Dereva akikuambia shuka, unashuka, unavuka dimbwi kwa miguu viatu vikiwa mkononi, na ukifika ng'ambo unamkuta anakucheka.

Mwaka mmoja nilikuwa napita Lusangi nikihubiri jambo moja. Mtoto akizaliwa, aandikishwe ndani ya miezi mitatu ya kwanza, hapo ni bure. Miezi hiyo ikipita, habari inakuwa ya mahakama, hakimu na mashahidi, na safari zisizokwisha. Nilisema kanisani baada ya ibada, nikasema sokoni kati ya mihogo na mawese, nikasema hata mtoni kwa wanawake waliokuwa wakifua. Nilikazia hasa kwamba mama hana haja ya kumngoja baba, maana akina baba wengi wa kule wako machimboni kwenye dhahabu, na wakishaingia huko hawarudi leo wala kesho. Mama peke yake anatosha, nilisema, sheria inamruhusu. Hilo nililitangaza kwa sauti kubwa kwa sababu linanifurahisha.

Basi asubuhi moja, nikiwa nafunga mzigo wangu niende Kabambare, akanijia mama kijana na mtoto mgongoni. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, na ilikuwa Ijumaa.

"Mama, twende wote," alisema. "Huyu miezi yake tatu inaisha kesho kutwa."

Nikamuuliza kwa nini alingoja mpaka siku za mwisho. Akaniambia mumewe aliahidi kurudi kutoka machimboni, akamngoja, akamngoja, na simu huko haishiki. Kisha akanieleza jambo lililomtia wasiwasi.

"Dada yake, yule mukubwa, tulimuandikisha ku mahakama. Tulienda, tulirudi, tulienda tena, mupaka musimu ya kupanda muhindi ikapita. Ule mwaka tulikula ya kuomba. Sitaki tena, mama."

Ofisi ingefungwa saa sita, na isingefunguliwa tena hadi Jumatatu. Nilimpandisha nyuma ya dereva, nami nikapanda nyuma yake, mtoto katikati yetu akilala kama aliye kitandani kwake.

Tulifika Kabambare jua likiwa limepanda sana. Ofisi ya etasivili, yaani ile inayoandika vizazi, ndoa na vifo, ni chumba kimoja chenye benchi, meza na dirisha. Karani wake ni mtu wa makamo anayelipenda daftari lake kubwa kupita kiasi. Hunawa mikono kabla ya kulifungua, na ukiegemeza kiwiko chako mezani atakutazama mpaka ukiondoe. Mimi na yeye tumeshagombana mara nyingi na tunaheshimiana.

Foleni ilikuwa ndefu, na zamu yetu ilipofika, saa ya kufunga ilikuwa karibu. Mambo yalianza vizuri. Karani aliuliza jina la baba wa mtoto, mama akalitaja. Aliuliza la mama, akalitaja. Tarehe na mahali vilikuwa kwenye karatasi ya kituo cha afya, pamoja na neno moja tu kuhusu mtoto, kwamba ni wa kiume, kwa kuwa siku ile alikuwa bado hajapewa jina.

"Mutoto anaitwa nani?" aliuliza karani.

Mama kijana alitazama chini. "Mukwe," alijibu polepole.

Karani aliinua kalamu. "Mukwe haiko jina."

"Njo vile ninamuitaka ku nyumba. Mukwe." Njo ya kwetu ni ndiyo.

Nikadhani ni haya ya mtu asiyezoea ofisi, nikaingia kati kwa sauti yangu ya darasani. "Sema tu jina, mwanangu. Huyu hakule watu."

"Siogope, mama," alisema. "Mutoto alipewa jina ya baba ya bwana yangu. Na miye niko bibi ya mutoto yake. Jina ya mukwe haipite mu kinywa yangu."

Hapo kicheko kikanibana kifuani. Nilijua vizuri anachosema. Mama yangu mzazi hakuwahi kulitaja jina la baba mkwe wake, na jirani yetu aliyeitwa hivyo hivyo alimwita "yule wa jina la mzee" mpaka jirani akahama. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza, lakini ya binti huyu haikulegeza hata kidogo. Mkwe hupishwa njiani, huwezi kula naye uso kwa uso, na jina lake halitajwi na mke wa mwanawe. Mjukuu akipewa jina hilo, basi na yeye ni mkwe, hata akiwa mchanga. Baadaye binti alinisimulia kwamba mtoto akimkojolea usiku humwambia, "Mukwe, unanionea," na kubadilisha nguo kwa adabu.

Mimi nilikuwa nimewatangazia watu wote kwamba mama peke yake anatosha, na sheria ilikuwa upande wangu. Ila aliyeitunga sheria ile hakuwa mke wa mtu Lusangi.

Nikachukua kalamu mezani, karani akanikodolea macho, nikampa binti. "Basi andika. Umesoma, weye."

"Kuandika na kusema ni kimoja, mama. Mukono pia ni yangu."

"Karte ya uchaguzi ya bwana yako iko wapi? Pale wameandika jina ya baba yake."

"Iko mu mufuko yake, kule machimbo."

Hasira zangu ziko karibu, kila anijuaye anajua. Nikasema basi tumwandike mtoto jina lingine, lolote, hata la mtakatifu wa siku hiyo, nyumbani waendelee kumwita watakavyo. Binti aliniangalia bila ukali.

"Mama, weye unaweza kubadilisha jina ya mutu mukubwa?"

Nikairudisha kalamu mezani. Karani akaanza kufuta ncha yake, na hiyo kwake ni dalili mbaya. Alisema kitabu cha serikali hakiandiki mkwe, na bila jina hawezi kuandika kitu, na Jumatatu wataonana na hakimu. Alisema kwa upole, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Binti hakulia. Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata, akawa anamnyoosha kofia ambayo haikuwa na kasoro.

Nyuma yetu alikuwepo mfanyabiashara mmoja, mgeni kutoka upande wa Kivu, anayenunua dhahabu na kuuza vitu vidogo vidogo. Alikuja kumwandikisha mtoto wake wa kike. Tangu mwanzo alikuwa akiuma mdomo ili asicheke.

"Yaya, huyu mukwe yako anakaa wapi?" aliuliza, akimwita dada kwa namna ya kwao.

"Lusangi, nyuma ya kanisa."

"Niko na mwenzangu pale, anauzishaka sabuni na chumvi. Ngoja."

Simu hushika dirishani tu, kwa hiyo sote tukasogea dirishani, karani naye na daftari lake kifuani. Mwenzake alipokea, simu ikiwa kwenye spika, akaulizwa jina la yule mzee wa nyuma ya kanisa, akafikiri.

"Ule? Siye tunamuitaka Muzee tu."

Karani akacheka. Sijawahi kumwona akicheka kabla ya siku hiyo, na kusema kweli kulimpendeza. Tukamwambia muuza sabuni afunge duka, akamlete mzee kwenye simu mbio mbio. Tukangoja. Simu ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Saa ya kufunga ilifika ikapita, na karani hakuitaja.

Kisha ikaja sauti nzito ya mzee, ikipiga kelele kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto. Binti aliposikia tu, alinipa mtoto, akajifunika kitenge kichwani, akatoka nje na kusimama nyuma ya ukuta, umbali wa adabu.

"Muzee, hapa ni etasivili ya Kabambare," alisema karani.

"Walifunga nani?" mzee aliuliza.

"Hakuna mutu amefungwa. Tunataka jina yako."

"Jina yangu? Nimefanya nini?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Nilimnyang'anya mfanyabiashara simu, nikamsalimu mzee vizuri, nikamuuliza mvua na shamba na kifua chake, maana bila hayo asingenisikiliza. Nikamweleza kwamba mjukuu yuko mikononi mwangu, kwamba mama yake amekuja kumwandikisha, na kwamba kinywa chake hakiwezi kulitamka jina. Nilitegemea atasikitika. Badala yake alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyeridhika.

"Kweli hakuitamka? Mbele ya Leta?"

Leta ndilo neno letu la serikali. "Mbele ya Leta, muzee. Alikatala kabisa."

"Ule ni mutoto muzuri," alisema mzee. "Njo maana aliolewa kwetu."

Halafu akalisema jina. Mimi sitaliandika hapa, kwa heshima ya yule binti. Mzee alilisema, akaongeza la baba yake, la babu yake, na la mto waliotokea, akawa anaelekea mbali zaidi karani alipomwomba asimame. Wazimba, watu wa kabila la mzee, waliokuwepo kwenye benchi walimsaidia karani kulipata sawasawa, herufi kwa herufi, wakishindana nani analijua zaidi. Mfanyabiashara wa Kivu naye alilirudia mpaka likamkaa mdomoni. Sijui mara ya mwisho nilifurahi hivyo ofisini ilikuwa lini.

Ikabaki jambo moja. Kabla ya kutia sahihi, karani lazima aisome hati kwa sauti mbele ya aliyekuja kuandikisha. Binti akasema kutoka nyuma ya ukuta kwamba kusikia hakuna shida, masikio si kinywa, asome tu. Karani alisimama, akasoma kwa Kifaransa kama sheria inavyotaka, kisha akageuza kwa Kiswahili. Kwamba leo, mbele yetu, ameandikwa mtoto wa kiume aliyezaliwa Lusangi, na jina lake ni hili.

"Njo yeye," alisema binti kutoka nje.

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilidhani imekatika.

"Nani alisoma?" mzee aliuliza mwishoni, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Ni Leta, muzee," karani alijibu.

"Miye kuzaliwa yangu hawakuandika fasi yote, mu kitabu yote. Hata ya baba yangu. Hata ya kaka yangu wote." Alikohoa kidogo. "Rudilia."

Karani akasoma tena. Nyuma ya ukuta nilisikia binti akicheka na kupenga kamasi kwa wakati mmoja.

"Rudilia tena," alisema mzee. "Pole pole."

Karani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Aliposoma mara ya tatu, hata waliokuwa wamekaa kwenye benchi walisimama.