Kazi kumi anazozirudia Atupele

Saa moja asubuhi, Kwala. Atupele Mwasandube, mwenye miaka 36, amepiga magoti kwenye ua wa mtu, anakata kwa grenda stendi ya tenki la maji aliyoitengeneza mwenyewe mwaka jana. Stendi haijaanguka wala haina ufa. Mwenye nyumba, Laurensia, amesimama mlangoni amekunja mikono.

"Mbona ilikuwa nzima, dada?" anauliza.

Atupele anazima grenda, anachukua nyundo na kuigonga kona moja. Mstari wa chuma alioupitisha pale kuunganisha vyuma viwili unabanduka mzima, kama plasta ya ukuta mbovu.

Atupele alikuwa mfungashaji katika kiwanda kimoja huko Zegereni. Wafanyakazi walipopunguzwa, malipo yake ya mwisho aliyanunulia mashine ndogo ya kuchomelea, akaenda kujifunza kwa fundi Castory, mtaa wa Tangini, Kibaha. Alikaa wiki tatu tu.

Castory, mwenye miaka 61, alimwanzishia vijiti vyembamba vya kuchomelea, vya milimita mbili na nusu, vile ambavyo mafundi huviita sitini kumi na tatu kwa namba 6013 iliyo kwenye pakiti. Vinawaka kirahisi na vinamvumilia mtu ambaye mkono wake bado unatetemeka.

"Nilimwambia hivi ni vya kujifunzia, na vya madirisha na mabomba membamba," anasema Castory. "Chuma kinene kinataka kijiti kinene na moto mkubwa wa mashine. Moto ukiwa mdogo, kijiti kinanata. Ukizidi, kinarusha cheche na kutoboa. Ukikaa sawa, utasikia kama mafuta yanakaanga. Yeye alikuwa anaangalia uzuri wa mstari. Mstari unaweza kupendeza juu, na chini haujashika kitu."

Mwezi Machi mwaka jana, Hemedi, mkulima wa mihogo wilayani Kisarawe, alimpa kazi ya stendi ya tenki la lita elfu mbili. Chuma kilikuwa kinene. Atupele alitumia vijiti vyembamba kwa sababu ndivyo alivyokuwa navyo, na pakiti ilikuwa imekaa wazi sakafuni msimu mzima wa mvua za vuli. Kutu hakuikwangua. Moto aliuweka mdogo, akiogopa kutoboa.

"Vilikuwa vinanatanata na kutoa moshi mwingi," anakumbuka. "Nilijua unyevu umeingia. Nikasema nikipaka rangi, stendi itakaa."

Alipaka rangi ya kijani. Mwanamvua, mke wa Hemedi, akamfungia mihogo ya kwenda nayo nyumbani.

Siku ya kumi na tisa, Hemedi alikuwa anatawadha kwa ajili ya sala ya adhuhuri, kwenye bomba lililo chini ya tenki. Mguu mmoja wa stendi uliachia. Tani mbili za maji zilimshukia. Hospitalini walimkata mguu wa kulia, juu ya goti.

Atupele alikwenda wodini siku ya tatu. Alimwamkia shikamoo, Hemedi akaitikia marahaba.

"Nilitegemea anitukane," anasema Atupele. "Aliniuliza tu, 'Umewachomelea wangapi wengine?'"

Alirudi nyumbani akahesabu. Walikuwa kumi.

Hemedi sasa ana miaka 57, na siku zake nyingi anazimalizia kwenye kiti cha plastiki barazani. "Kulima ndiyo basi," anasema. "Mama huyu analima peke yake, na mihogo ya mwaka huu haikufika hata robo ya ile ya zamani. Watu wanasema nimemsamehe yule binti. Sijasema hivyo. Nilimuuliza vile ili akawaangalie wenzangu."

Kazi hizo anazirudia bure. Zamani alipata wastani wa shilingi elfu kumi na tano kwa siku. Sasa inapita wiki bila mteja, kwa kuwa habari imeenea. Vijiti anaviweka kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Kabla ya kugusa kazi ya mtu, anachomelea vipande viwili vya chuma kilekile, kisha anavipiga nyundo mpaka aridhike.

Hii ya Kwala ni ya tisa. Imebaki moja, nayo ndiyo inayomkosesha usingizi: bembea ya shule moja ya chekechea huko Mlandizi, inayochezewa na watoto arobaini.

"Mwenye shule amekataa," anasema. "Anasema nikiwasha grenda pale wazazi watauliza, na wakijua watahamisha watoto. Mara ya mwisho alinifungia geti."

Jumatatu, wazazi wakileta watoto, anakusudia kusimama nje ya geti hilo na kujitambulisha kwa kila mzazi na kumwambia alichokifanya.

"Huenda nisipewe tena kazi Kibaha nzima, hata ya dirisha," anasema. "Lakini bembea wataing'oa."