Gari Lisilonyanyuka

Sifa na utukufu ni zako, Mungu Baba, unayetuamsha kila asubuhi na pumzi ambayo hatukuinunua. Umenipa uzee, umeniachia macho ya kusomea, na umenipa dada. Kwa neema yako nayasimulia haya.

Dada yangu mkubwa anaishi Mabira, mimi naishi Nyakasimbi. Alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na agizo la daktari: asipande pikipiki, asitikiswe. Kwa watu wa kwetu agizo hilo ni sawa na kuambiwa usitoke. Mchungaji akawa anamletea Chakula cha Bwana nyumbani, naye alishukuru. Lakini siku ya kipaimara ya mjukuu wake, binti aliyemlea tangu akiwa ananyonya, ilipokaribia, dada alisema kwamba atakuwepo kanisani. Hakulisema mara mbili.

Mwanawe, anayefanya kazi Dar es Salaam, akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu."

"Usihangaike na usafiri wa mama. Nakuja na gari langu jipya. Nililiongezea springi za kisasa, zile zinazolipiwa zaidi ya bei ya gari. Likikuta njia mbaya linajirekebisha lenyewe."

Kosa liliingia hapo, katika neno hilo. Sisi tunaowaza kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, kwanza ndipo tuseme Kiswahili, tukiambiwa kitu kinajirekebisha mbele ya jiwe, tunaona kitafanya nini kingine zaidi ya kuinuka? Nilipompelekea dada habari, nilisema gari linanyanyuka. Wala sikuwa peke yangu. Mpwa wangu mwenyewe, aliyelinunua, alikuwa akiamini hivyohivyo.

Njia ya kushuka kwa dada inapita katikati ya kibanja chake, shamba lake la migomba. Mvua zilikuwa zimechimba mifereji miwili pale magurudumu yanapopita, na katikati yake likabaki tuta la mawe kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Gari la mizigo hupita. Lile la mpwa wangu lilikuwa kubwa, jeusi, linang'aa, lakini tumbo lake halikuwa juu kama tulivyotarajia.

Jumamosi asubuhi alilisimamisha mahali tambarare, karibu na tuta. Jirani wa dada, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda na kulima hapo kabla hajazaliwa, alikata tete la kimo cha lile tuta, akalala kwenye nyasi, akalisimamisha chini ya gari. Tete likapinda, maana tumbo la gari lilikuwa chini kuliko tuta. Mpwa wangu akaingia ndani akabonyeza kitufe. Kwenye kioo ikatokea picha ya gari na milima.

"Imenyanyuka?"

"Bado," jirani akajibu kutoka chini.

"Angalia vizuri. Hapa imeandikwa njia mbovu."

"Huko ndani imeandikwa. Huku chini haijasoma."

Dada alikuwa ameketishwa kwenye kiti barazani, akisikia yote. "Mnaiambia kwa lugha gani?" akauliza. "Iambieni imuka." Ndivyo tunavyomwambia ng'ombe aliyelala akakataa kusimama. Tulicheka, hata jirani akapaliwa na vumbi. Mpwa wangu hakucheka. Alibonyeza tena, akazima gari, akaliwasha, akabonyeza. Tete lilibaki limepinda vilevile.

Akampigia simu aliyemuuzia, akaweka sauti tusikie wote.

"Kaka, hizo ulizochukua zinabadilisha ugumu wa shokapu," yule mtu alisema kwa upole. "Kwenye lami zinakaza gari lisiyumbe, kwenye mashimo zinalegea abiria asirushwe. Urefu wa gari unabaki uleule. Zinazonyanyua ni za upepo. Hiyo ni nyongeza nyingine, nawe hukuiagiza."

Mpwa wangu akashukuru, akakata simu. Alikaa kwenye ukingo wa baraza karibu na miguu ya mama yake, akaanza kuomba radhi. Jirani, kwa nia njema, akasema vijana wapo, wanaweza kumbeba mama kwa machela hadi barabarani.

"Machela ilimtoa baba yetu hapa," dada akasema, "na hakurudi. Sipandi." Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe acha kulia kama mjane. Yule mtu kasema gari halimrushi abiria?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuomba gari refu?"

"Hapana, mama."

"Nilikuomba nisiumie. Basi tafuteni namna ya kuvuka hapo, mniache nipumzike."

Basi tukatafuta. Kama gari halinyanyuki, ilibidi tuinue pale linapokanyaga. Majirani walikuja na majembe, Wakatoliki na Walutheri, bila kuulizana. Tulijaza mawe katika ile mifereji miwili. Kingo tukazizuia kwa vigogo vya migomba iliyokwisha kukatwa ndizi, udongo usimomonyoke, juu tukamwaga udongo na kuushindilia kwa miguu. Mpwa wangu alivua viatu vyake vya mjini akashindilia pamoja nasi. Jirani akamwambia, "Hizi ndizo springi za upepo za Mabira." Hapo ndipo alipocheka.

Jumapili tulimweka dada kiti cha mbele, mto chini ya nyonga. Sisi wengine tulitembea kando ili gari liwe jepesi. Lilipanda juu ya kazi yetu polepole, nami niliinama kutazama. Tumbo lilipita juu ya mawe bila kugusa. Nikamtazama dada usoni, maana huko ndiko nilikoogopa zaidi. Alikuwa amefumba macho, midomo ikisali, na hakukunja uso hata gari lilipoyumba. Zile springi zilikuwa zikifanya kazi ambayo kweli zilitengenezewa.

Kanisani tulimketisha mwisho wa benchi la mbele. Binti alipopiga magoti na mchungaji kumwekea mikono, bibi yake alikuwa karibu kiasi cha kusikia jina lake likitajwa. Wakati wa Chakula cha Bwana mchungaji alimletea dada pale alipokaa, na mjukuu akaja kusimama ubavuni pake, wakapokea pamoja. Sikuomba kitu zaidi mwaka ule.

Nawe unayesoma, Bwana akutangulie katika njia yako, akushike palipo na mawe, akufikishe ukiwa mzima kwa wale wanaokungoja. Amina.