Ruhusa ya Mjomba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vilivyonibana, nikamkuta Mkurugenzi amesimama mlangoni akitazama saa. Nilikuwa nimetoka shirika la umma lililouzwa, miaka ile ya soko huria, na kupunguzwa kazi kulikuwa kumenifunza adabu. Kampuni hii binafsi ilifungua tawi Singida mjini kutafiti dawa za hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda, ambao mama huubeba na watoto wa kiume ndio huugua. Nikawa Mkuu wa Rasilimali Watu. Zamani tuliitwa maofisa utumishi, na kazi ilikuwa ileile: kuajiri, kupanga likizo, kusuluhisha walionuniana.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa haki, ila mkavu kama makopa ya muhogo. Ruhusa alizozijua ni za ugonjwa, uzazi na msiba.

Ndipo akaja Elia, mtunza chumba cha baridi, dawa zilimohifadhiwa zisiharibike. Aliniamkia, akaomba ruhusa ya kwenda kwao Sepuka kwenye jando la mpwa wake. Katika ukoo wao mjomba ndiye humshika mtoto. Nikamtania kwamba anakwenda kula nyama na uso wa matanga. Hakucheka. Alinieleza kwamba kaka yake alikufa jandoni kwa kutoka damu, na yeye mama yake akamtorosha kabla ya zamu yake. Baba yake akasema nyumba yake haina mwoga, na hajamsamehe. Sasa mpwa naye akijikwaa tu, goti linavimba damu, na mzee anashikilia kwamba kisu ndicho kitakachomkomaza.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Na mimi pia, mama. Nilificha nisije nikapunguzwa. Mgonjwa ndiye wa kwanza kuondolewa."

Kwa idhini yake nikaingia kwa Mkurugenzi, naye akasema jando si msiba.

"Tukichelewa litakuwa msiba," nikamjibu. "Na tukimfukuza Elia, dawa tunamtengenezea nani?"

Akamwita dereva na daktari wetu.

Sepuka haikuwa rahisi. Mzee alitupa viti lakini akamgeuzia mwanawe mgongo. Elia akaongea na mgongo huo huo: "Baba, sikukimbia kisu. Nilikimbia kufa kama kaka." Mzee akageuka, akamtazama mwanawe. Hatimaye alikubali mtoto atahiriwe hospitali, achomwe kwanza dawa iliyokwisha kuidhinishwa, mradi mjomba amshike. Muuguzi alipotaka ndugu watoke nje, nikamwambia mjomba anabaki.

Baadaye tuliiongeza kwenye kanuni, ruhusa ya mjomba. Sasa nimestaafu, na vijana wa fani hii nawaambia kwamba mtu haji kazini peke yake, huja na ukoo wake. Kanuni zisomeni, lakini anayeomba mtazameni usoni.

Mimi nikiikumbuka kazi yangu, naliona lile benchi la hospitali tulilokalia siku ile. Mtoto alikuwa amelala salama, damu imekata. Mzee akainuka kwa fimbo yake, akamuuliza daktari kama dawa imebaki. Daktari akasema ipo, akauliza ni ya nani.

Mzee akamshika Elia mkono.

"Ninaye mwingine," akasema. "Huyu hapa, mwanangu."